Niko Tu

Kwetu Mbotela, ukishamaliza chuo watu hawakuulizi tena hali yako. Wanakuuliza, "Uko wapi siku hizi?" Si kwamba hawajui unakoishi, wanakuona kila siku ukianika nguo. Wanataka kujua unafanya kazi wapi. Na asiye na kazi hujibu, "Niko tu."

Miaka mitatu nilijibu hivyo. Mwanzoni hiyo "tu" ilikuwa ya kumaliza mazungumzo. Baadaye nikaanza kuichunguza, maana muda nilikuwa nao. Nikagundua kwamba kabla ya kuitamka nilikuwa nashusha mabega. Nikagundua pia kwamba siku hizo nilizunguka nyuma ya nyumba, kando ya mtaro unaonuka, ili nisimpite mama mboga wa pale langoni. Yeye aliuliza kila mara, tena kwa upendo, na upendo wake ulinikera kuliko dharau. Neno dogo namna hii linawezaje kumfanya mtu mzima amkimbie muuza sukuma wiki?

Kisha nikapata kazi, karani wa stoo katika kiwanda kimoja. Siku niliyopewa kitambulisho cha kazi nilikivaa shingoni, na kesho yake asubuhi nikapita langoni makusudi.

"Mtoto wangu, umepotea! Uko wapi siku hizi?" mama mboga akauliza, macho yake kwenye kitambulisho.

Jibu nilikuwa nimeliandaa tangu jana. Nikafungua mdomo.

"Niko tu," nikasema.