Function Yangu Ndefu na Simu ya Shangazi

Hapana shangazi, sio wivu. Wivu ni mambo ya mabwana. Hii ni code, na niliiandika mimi.

"Kama sio wivu, mbona unakoroga hiyo chai mpaka imepoa?" shangazi akaniuliza. Naishi kwake hapa Kakuma tangu nianze hii kozi ya kompyuta.

Nilikuwa nimetoka darasani na hasira. Tunatengeneza system ya akina mama wenye mashamba madogo ya Kalobeyei, kila mtu aingie na simu aone zamu yake ya maji. Kazi yangu ilikuwa mlango: nani aingie, nani akataliwe. Niliandika function moja, yaani kipande kimoja kirefu cha code, inafanya kila kitu. Inachukua namba ya simu, inauliza database wenye hiyo namba ni akina nani, inalinganisha PIN, inahesabu makosa ya PIN, yakizidi inafunga, baadaye inafungua. Ilikuwa inafanya kazi. Hakuna mtu alilalamika.

Leo mwalimu akaimulika kwa ukuta, mbele ya watu wote, akaanza kushuka nayo. Akashuka, akashuka.

"Hii ni function ama barabara ya kwenda Lodwar?" mmoja nyuma akasema.

"Angalia vizuri, mashimo pia iko!"

Wakacheka. Halafu mwalimu akaonyesha ya yule msichana wa South Sudan anakaa karibu na mimi darasani. Alichukua code yangu akaikata vipande vidogo, kila kipande na kazi moja na jina la kusema hiyo kazi. "Hii mtu anaweza kusoma," mwalimu akasema. Kwangu hajawahi kusema hivyo. Akasema kesho mchana ya msichana ndiyo itawekwa kwa akina mama wote, na ni yeye ataenda kuionyesha watu wa maji Lodwar.

Lodwar! Kwetu! Mahali yeye amepita tu akiwa amelala kwa basi. Mama yangu angetoka sokoni akuje kuniona nikisimama mbele ya wakubwa.

Yule msichana akaniangalia akasema pole pole, "Malesh, samahani dada. Mimi nimekata tu. Nyama ni yako."

Nilipomwambia shangazi hiyo maneno, akacheka mpaka shanga za shingoni zikalia. "Si ni kweli? Hata mbuzi hukatwa kabla ya kuingia sufuria."

"Lakini mwenye mbuzi ndiye anagawa!"

"Haya, mwenye mbuzi. Niangalie zamu yangu ya maji."

Simu yake ni kati ya zile chache mwalimu aliwekea ile mpya ya msichana tangu jana, zijaribiwe. Nikaweka namba, nikachagua jina lake, nikaweka PIN. Simu ikaandika: Umefungiwa. Nikarudia. Umefungiwa.

"Kuna mtu ametumia hii simu leo?"

"Jirani, asubuhi. PIN ilimkataa mpaka akaniachia simu na matusi."

Hapo nikajua. Hiyo simu ni moja, lakini wenye kuitumia ni shangazi, jirani, na nyanya mmoja wa upande wa Lopur, kila mtu na PIN yake. Huku kwa wenyeji ni kawaida, na kwa code yangu kosa linahesabiwa kwa mtu. Yule msichana alipokata, akahesabu kwa namba ya simu. Pale anaishi kila mtu ana laini yake, kwa hivyo kwake namba ni mtu. Jirani amekosea, shangazi amefungiwa.

Nilifurahi. Kabisa. Kwa akili nikaona wakubwa wa Lodwar wakibonyeza na mlango ukiwakataa, na yeye amesimama hapo na mdomo wazi.

"Na sukuma wiki yangu kule shambani?" shangazi akauliza. "Hii jua itaningoja?"

Furaha ikakauka. Zamu ikipita, maji inaenda kwa shamba ya mtu mwingine. Na kesho mchana itakuwa hivyo kwa kila mama mwenye simu ya kushirikiana.

Nikafungua laptop. Kwanza nikatafuta ule mstari wa kuhesabu makosa kwa code yangu, nikapotea ndani ya maandishi yangu mwenyewe. Halafu nikafungua ya msichana. Kulikuwa na kipande kinaitwa hesabu_makosa, kifupi hivi, na kosa limekaa hapo wazi kama mbuzi kwa uwanja. Hiyo iliniuma kuliko kile kicheko. Hata kosa lake ni rahisi kuona.

Nikaamua hivi. Kesho asubuhi nitamngoja msichana kwa geti kabla mwalimu hajafika. Nitamwonyesha simu ya shangazi, nimwambie kisu chako ni kizuri lakini umekata pabaya, na atarekebisha mwenyewe nikiwa nimekaa karibu. Mwalimu akiingia nitamwambia nani aliona hilo kosa, sitangoja aulize. Halafu nitaomba twende Lodwar wawili. Akisema nafasi ni moja, tutabishana hapo hapo.