Pengo la Mzee Lemayan

Mniwie radhi kwa kimya changu tangu kipindupindu kilipofunga njia za kuingia Karatu. Leo nimekasirika, siwezi kunyamaza tena.

Mnajua kwamba nafundisha vijana kunyoosha meno. Kwa miezi mingi wagonjwa walizuiwa kuja, na wanafunzi wakajifunzia meno ya mfano ya plasta tu.

Asubuhi njia ilifunguliwa. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Lemayan, mfugaji, aliyetembea tangu juzi kutoka Nainokanoka akiwa ameshika shavu. Gego lilikuwa linamuuma.

Mwanafunzi wangu Elias, aliyekulia Tanga, akamtazama kinywani. Akaliacha gego. Akachukua waya, akaanza kupima pengo la meno mawili ya mbele, ya chini!

"Unafanya nini, kijana?"

"Nataka kuliziba pengo, mzee."

"Niling'olewa utotoni kwa mila yetu, kama wenzangu wote. Siku pepopunda ikinikaza taya, uji utapitia wapi? Puani?"

Elias akanigeukia. "Mwalimu, kwenye plasta pengo ni kasoro."

Plasta haisemi inaumwa wapi!

Gego nililing'oa mwenyewe. Kisha mkuu wa mafunzo akaniletea fomu ya kuthibitisha kwamba Elias amemaliza mafunzo ya vitendo.

"Weka sahihi, Mwalimu. Kipindupindu si kosa lake."

"Wala si kosa la mzee," nikamjibu, nikamrudishia fomu yake bila sahihi.

Ninyi mngetia sahihi? Semeni kweli.

Bodi ya chuo inakutana. Ikishaamua kama Elias na wenzake watabaki mwaka mwingine wajifunze kwa wagonjwa, au nitaondoka mimi niliyekataa kutia sahihi, nitawaandikia.