Mashine ya Karanga ya Mkwe Wangu

Nyumba ya mkwe wangu niliibomoa kwa mikono yangu mwenyewe, na sitafuti pa kujificha. Mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa nilikuwa mgambo, nguvu tele, akili kidogo. Nilipopangiwa kitongoji alichozaliwa mke wangu sikuomba kubadilishwa. Tulipanda na majembe juu ya matembe yao, tukaporomosha udongo wa paa ndani ya vyumba, nguzo tukazitia moto ili mtu asirudi. Waliogoma kutoka walikula virungu. Mkwe alitoka mwenyewe, akasimama uani, akanitazama nikiwa juu ya paa lake na jembe mkononi.

"Mashine mtaibeba," alisema.

Ilikuwa mashine ya kumenya karanga, chuma kizee chenye pipa la kuzunguka ndani na mdomo mpana juu wa kutilia karanga. Kitongoji chao chote kilimenyea hapo. Tuliipakia kwenye trela la trekta, tukaileta kijiji kipya upande wa Mgori, ambako kulikuwa na banda moja na injini moja ya dizeli. Injini ilizungusha shafti ndefu iliyopita juu ya vichwa vyetu, na kwenye shafti ile kulikuwa na mikanda: mmoja wa pampu ya maji, mmoja wa kinu cha kusaga, na sasa mmoja wa mashine ya mkwe. Fundi wa injini nilikuwa mimi, kwa sababu niliwahi kufanya kazi karakana ya mgodi kule Sekenke. Mashine moja ikisumbua, shafti nzima ilitikisika, na kijiji kizima kilikosa maji na unga.

Mkwe aliihudumia mashine yake mwenyewe. Alifika asubuhi, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine ikinguruma, akasikiliza, akageuza nati robo, basi. Ndani alikuwa anafanya nini, sikujua. Kwetu mkwe humzoei ovyo. Ukikutana naye njiani unampisha, unamwamkia umeinamisha macho, na humsimamii mgongoni akiwa na kazi yake. Tena mimi nilikuwa nimembomolea nyumba. Nilisema shikamoo mzee, akaitika marahaba, mwaka mzima hivyo hivyo. Kifua kikamwua kiangazi cha pili. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hata swali moja kuhusu ile mashine, na wa kuuliza nilikuwa mimi.

Baada ya hapo ikawa mali ya wote, maana yake haikuwa ya mtu yeyote. Hakuna aliyeitia hata tone la mafuta. Mke wangu ndiye aliyesimama mdomoni mwake kila asubuhi akitilia karanga, kwa kuwa alikuwa akimsaidia baba yake tangu utotoni. Mimi nikiwa kwenye injini niliuona mkono wake unaingia na kutoka pale. Siku moja mashine ilitetemeka mpaka mkanda wa kinu ukachomoka, ukamchapa usoni mzee mmoja aliyekuja kusaga mtama. Meno yake matatu tuliyaokota kwenye unga.

Nilikwenda mkutano wa kijiji nikasema, ndugu mwenyekiti, niruhusu niitoe ile mashine kwenye shafti kabla haijamwua mtu. Balozi wa nyumba kumi za watu wa kitongoji kile, mwanamume mfupi mwenye kovu la kirungu juu ya jicho, akasimama.

"Nyumba zetu ulibomoa," alisema. "Sasa unataka na mashine. Tukinyang'anywa hiyo, hapa tutabaki na nini kilicho chetu?"

Alisema kweli, na ukweli ule ndio ulionipandisha mori. Nilimtandika ngumi ya mdomo mbele ya watu wote. Akaamka, akanitia kichwa cha pua, tukabingirika vumbini hadi watu wakatutenganisha, mimi navuja damu, yeye anacheka na damu kwenye meno. Mwenyekiti akakata shauri: mashine inabaki, na fundi ataitunza. Fundi mwenyewe ni mimi.

Basi niliifungua kwa hasira. Pale ambapo beringi hukaa kushika ekseli ya pipa, beringi haikuwepo. Mzee alikuwa amepanga vipande vya ngozi ya ng'ombe, kimoja juu ya kingine, vyeusi kwa mafuta ya kondoo yaliyokwisha kukauka. Nilicheka peke yangu. Nikavichomoa kwa bisibisi, nikavitupa nyuma ya banda. Halafu nikachonga kwa tupa bushi, pete nene ya chuma ya kushikia ekseli, kama tulivyofanya mgodini, nikaipachika na kuikaza kwa nguvu zangu zote.

Mke wangu akaziona zile ngozi kwenye majani.

"Hizi baba alikuwa anaziloweka upya kila mara," alisema. "Zirudishe. Alisema mashine hii haitaki kubanwa."

"Baba yako hakusoma ufundi."

"Na wewe uliyesoma, hukumwuliza."

Nilimnyooshea spana usoni. Sikumpiga nayo, lakini niliinyoosha, na yeye akarudi nyuma hatua moja akiniangalia mkono. Hatukuzungumza tena habari ya ngozi.

Siku nne mashine ilizunguka bila kutetemeka. Kichwa kilinivimba. Nilipita mbele ya balozi nikipiga mluzi, nikamwambia mke wangu aone jinsi kazi inavyofanywa. Yeye alitilia karanga tu.

Siku ya tano, asubuhi, ndoo zimepangwa foleni nje ya banda, nilisikia harufu ya chuma kinachoungua. Bushi yangu ilikuwa imekauka mafuta, imepata moto, imeibana ekseli ya pipa. Ngozi ingelegea. Chuma hakikulegea. Ekseli ilikatika, pipa likaruka kutoka mahali pake, likauvuta ule mdomo ndani pamoja na mkono wa mke wangu. Mkanda ulikatika ukanichapa shingoni, ukanichana; kovu ninalo hadi leo. Nilizima injini, na katika ukimya ule nikamsikia analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu.

Ili kumtoa ilibidi nifungue nati nne, zile zile nilizozikaza mwenyewe, na ziligoma. Balozi alimshika mke wangu kiunoni asianguke wakati mimi nahangaika na spana, huku mikono inateleza kwa damu. Nilitukana mashine, nikamtukana mwenyekiti, nikamtukana mkwe kaburini. Mke wangu peke yake ndiye hakumtukana mtu. Trekta ilitupeleka hospitali ya misheni, wakaukata mkono wa kulia chini kidogo ya kiwiko.

Kesho yake nilirudi kijijini nikachukua nyundo kubwa ya kuvunjia mawe. Nilianza na mdomo, nikaja kwenye pipa, nikaja kwenye miguu ya mashine. Watu wa kitongoji kile walikuja mmoja mmoja wakasimama. Nilikuwa namngoja yeyote anizuie ili nimgeuzie nyundo, naapa ningemgeuzia.

"Piga," balozi alisema. "Maliza ulichokianzia juu ya paa."

Nilipiga hadi viganja vikapasuka. Walipoondoka kulikuwa hakuna hata kipande ambacho mtu angekitambua.

Nilirudi hospitali jioni, mikono nimeifunga vitambaa, nikakaa ukingoni mwa kitanda. Mke wangu alikuwa macho. Habari ya mkono wake hakuigusa.

"Mashine ya baba imeharibika sana?" aliuliza.

"Nimeivunja," nilisema. "Yote. Haitamkata mtu tena."

Nilidhani atafarijika, kwa kweli nilikwenda pale nikitaka anishukuru. Alijiinua polepole, akanizaba kofi kwa mkono wa kushoto, halafu la pili. Muuguzi alikuja mbio, nikamwambia amwache.

"Zilikuwa pale pale nyuma ya banda," alisema, machozi yanamtoka. "Ungezirudisha tu zile ngozi."

Akaendelea kunipiga mpaka mkono ule aliobaki nao ukachoka.