Mzee Aliyeanguka Kutoka Juu ya Paa

Jamani, leo mdomo wangu umeniponza.

Nimekwenda sinema hapa Greenbelt, Marekani, na shoga yangu Zuhura. Filamu ya Wamarekani Weusi ya miaka ya sabini: nywele za afro, bastola, makoti ya ngozi.

Nikamwambia kwa Kiswahili, tena kwa sauti, maana nani atanielewa humu?

"Upuuzi mtupu! Hawa ndio waliotuaibisha."

Mzee Mmarekani Mweusi wa kiti cha mbele akageuka. Kiswahili safi:

"Binti yangu, huyo anayeanguka kutoka juu ya paa badala ya mwigizaji ni mimi. Kabla yetu sisi Weusi kupewa kazi hii ya hatari, Mzungu alipakwa rangi nyeusi akaanguka badala yetu."

Nikajizamisha kitini, nikaitazama filamu hadi mwisho.

Nyie mngesema nini?

Taa zilipowaka, kiti chake kitupu.

Hata shikamoo sikumpa.