Meiosisi ya Viatu vya Wakwe

Nimeswalisha watu miaka mingi hapa Ipuli, na aibu iliyonipata kwa sababu ya viatu bado inanifanya niinamishe kichwa, lakini nyinyi ni wenzangu, chekeni tu.

Wageni walikuja kutoka Lusu kumposa mjukuu wangu Mwanne, na jibu nilipaswa kulitoa mimi baada ya chakula. Nilikuwa nimefunga (sunna ya Jumatatu, na pilau ile ilinifanyia uadui wa wazi), kwa hiyo nikawaacha wakila, nikatoka barazani, nikamkuta Tatu, mdogo wake Mwanne, amekunja uso juu ya kitabu cha baiolojia, somo la meiosisi, namna seli zinavyogawanyika.

"Babu, hizi kromosomu sizielewi."

Mimi elimu yangu ni ya chuo cha Kurani, lakini viatu vya wageni vilijaa mlangoni, nikamwambia asome, nami nipange. Akasoma kwamba kromosomu hukaa jozi, moja ya baba, moja ya mama; nikavipanga, cha kushoto baba, cha kulia mama. Akasoma kwamba wenza hujibana na kubadilishana vipande. Nikang'oa soli za ndani, ya kushoto nikaitia cha kulia. Akasoma kwamba jozi hujipanga mstari katikati ya seli, kisha wenza hutenganishwa, huyu huku na yule kule, na seli hugawanyika. Basi nikavitenganisha (namshukuru Mungu kwa afya), nusu kando ya mtungi, nusu nyuma ya banda la kuku.

Mara akatoka Mzee Kasim, baba wa kijana.

"Sheikh, kama binti hatupewi, semeni. Viatu vyetu vimekosa nini?"

Tatu akawahi kunitetea. "Shikamoo, babu. Babu yangu alikuwa ananionyesha mbegu za uzazi zinavyotengenezwa."

Mbele ya wakwe, jamani, na kanzu yangu nyeupe. Nikaeleza huku jasho linanitoka. Mzee Kasim akasikiliza, mguu mmoja chini, mmoja hewani.

"Kwa hiyo mjukuu atachukua nusu kwetu?"

"Nusu."

"Na nusu kwenu?"

"Inshallah."

Akavitazama viatu vyangu, vilivyoshonwa kwa waya. "Basi mtoto ana hasara. Lakini tupeni binti hivyo hivyo."

Nikamjibu ndiyo kabla hajamaliza kucheka, na Mwanne ameolewa. Ila somo lile silirudii tena, maana kitabu kinasema katika mgawanyiko wa pili kila kromosomu hupasuliwa katikati, na siku ile kisu nilikuwa nimeshakiagiza.