Kikombe Kitupu Mbele ya Wageni

“Mwanga huu wa kushoto umetoka wapi?” Jaji wa mashindano ya picha aliniuliza hivyo nikiwa darasa la sita, nami nikabaki mdomo wazi, mimi niliyezoea kutolewa nje ya madrasa kwa wingi wa maswali. Mashindano yalikuwa ya watu wasioishi kwa kazi ya picha, wakubwa kwa wadogo. Masharti yalikuwa machache: kitu kimoja tu, nafasi tupu kukizunguka, na mwanga wa jua peke yake, taa marufuku. Mshindi angepewa kamera. Sijawahi kukitaka kitu kama nilivyoitaka kamera ile, maana nilikuwa nikipiga picha kwa simu ya shangazi yangu Rukia, naye hakuchoka kuidai.

Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ilinuka iliki na chokaa mbichi. Katikati yake palikuwa na ua, na jua lilishuka humo kutoka juu, likagusa ukuta mweupe kidogo, likaondoka kabla hujajipanga. Nilichagua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono, nikakiweka juu ya kigoda mbele ya ukuta. Bibi, mamake shangazi, akatokea jikoni.

“Weye, mbona kikombe kitupu?”

“Ndivyo kinavyotakiwa, Bibi. Ni cha picha.”

“Na hao watakaoitazama si wageni? Unamwekea mgeni kikombe kitupu, aseme nyumba hii ina nini?”

“Hawaji kunywa!”

“Aibu haiulizi kama wanakunywa.”

Kila nilipogeuka, kitu kimeongezeka: kisahani cha halua, kisha tende, kisha kitambaa alichokifuma mwenyewe, kisha asumini. Nikiondoa, anarudisha. “Mgeni njoo, mwenyeji apone,” alisema, kana kwamba majaji wanapiga hodi mlangoni. Mwisho nikapiga mguu chini: “Bibi, utanikosesha kamera!” Akanitazama, akakusanya halua yake, akapanda ngazi.

Nikabaki na ushindi wangu na tatizo langu. Jua lilitoka kulia, na upande wa kushoto wa kikombe ulizama katika kivuli hata ukingo usionekane. Nilisimamisha karatasi nyeupe, upepo ukaiangusha. Nikajifunika kanga kichwani pamoja na simu, ili nikione kioo vizuri, nikapiga na kupiga. Jioni nilizipitia picha kitandani, shangazi akinisemesha kuhusu chaji yake. Zote zilikuwa sawa, isipokuwa moja: kwenye ukingo wa kushoto palikuwa na utepe mwembamba wa mwanga, laini, kama kikombe kimeanza kujaa. Nikaichagua hapo hapo. Chema chajiuza, nilijiambia, na mimi mdadisi wa kila jambo sikukidadisi kile kilichonipendelea.

Jaji alikidadisi. Aliusifu utupu wa picha, kisha akaweka kidole kwenye ule utepe.

“Umetumia taa, binti?”

“Wallahi sikutumia.”

“Basi umetoka wapi?”

Nikarudia kiapo changu, na picha ikawekwa kando. Nyumbani Bibi alikuwa akinisubiri kizingitini.

“Umeipata?”

“Sikuipata.”

“Nshakwambia mie. Kikombe kitupu.”

Nilikuwa na hasira mno hata sikumweleza kwamba utupu ulisifiwa, kilichoniangusha ni mwanga.

Siku hizi nina kamera yangu na chumba cha kupanga huko Bububu. Nina taa ya duara. Nauweka mwanga nitakapo, na nisipoupenda naufuta kwa kidole. Hakuna anayeniuliza umetoka wapi, na jambo hilo linaniwasha kuliko swali la jaji. Nikiweka kikombe mezani nipige picha, hakuna mtu wa kukisogezea halua.

Mwaka jana, baada ya hitima ya kumwombea marehemu Bibi, tulikuwa tukigawana vyombo vyake. Shangazi akaliinua sinia kubwa la wageni, lile lililosuguliwa mpaka likawa kioo, akacheka peke yake.

“Siku ya picha yako, Mama alisimama roshani na sinia hili, juu yako, analigeuzageuza juani. Weye umejifunika kanga, huoni. Nikamuuliza, Mama, wafanya nini? Akasema, ‘Mtoto hataki kutia kahawa. Nami ntatia nuru.’”

Mwanga ule ulikuwa wa jua. Na Bibi alikufa akiamini kwamba nilikosa kamera kwa sababu ya kikombe kitupu.