Mzee Aliyekataa Taa

"Unanitambua?"

Aliniuliza hivyo kila asubuhi, nami sikujua alitaka jibu gani. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kazi niliyoisomea sijaipata, nikawa nahudumia wazee majumbani hapa Birmingham. Yeye alikuwa mzee aliyefiwa na mkewe, Myahudi, akiishi peke yake mtaa wa Northfield. Nilifika saa moja asubuhi, na majira ya baridi saa hiyo ni giza tupu. Nilimkuta ameketi dirishani, shali yake ya sala ameikunja mapajani, taa zote zimezimwa. Sijavua hata koti, nimesimama mlangoni, swali hilo.

Mara ya kwanza niliwasha taa nimwone vizuri.

"Zima! Nani kakwambia uwashe?"

Nikazima. Kwenye mafunzo ya kazi tuliambiwa mzee akianza kupoteza kumbukumbu usimbishie, mkumbushe kwa upole. Basi nikamkumbusha jina lake, nikamwambia yuko nyumbani kwake na leo ni Jumanne.

"Binti, jina langu nalijua tangu bibi yako hajazaliwa. Nimekuuliza, unanitambua?"

"Hapana. Kuna giza."

"Haya. Weka chai."

Baada ya chai akauliza tena. Nje mbingu ilikuwa imeanza kuwa kijivu, na nikaiona pua yake, kisha ndevu. Nikasema ndiyo. Papo hapo akajitanda shali na kuanza kusali. Sikuelewa. "Hapana" haikumuudhi, na "ndiyo" haikumfurahisha. Alizipokea zote kama mtu anayeulizia basi limefika wapi.

Kwamba macho yake yalikuwa yanafifia nilikuwa nimeshagundua. Alipomimina chai alitia kidole ndani ya kikombe ajue imefika wapi. "Usiende kumwambia mwanangu upuuzi," alinionya.

Siku moja nilimuuliza ile sala inasema nini. Akanitafsiria mwanzo wake: asifiwe anayefanya nuru na kuumba giza, anayefanya amani na kuumba vyote.

"Unamsifu kwa giza pia?"

"Nimesema vyote. Chuo hawakukufundisha kusikiliza sentensi mpaka mwisho?"

Nilicheka, lakini jambo lenyewe lilinikera. Mtu anayepapasa kikombe anasifu nuru, na taa hataki iwashwe. Nyumbani kwetu Acocks Green mama anasali alfajiri kungali giza, anamaliza, anarudi kulala. Huyu anangojea kuche. Mimi sisali kabisa, na wote wawili walinichanganya. Nilipomsimulia mama, alinicheka.

"Wewe unayehoji hata chumvi kwenye mchuzi, huyo mzee umeshindwa kumuuliza kwa nini?"

Nilishindwa, kweli. Niliogopa jibu lingeonyesha kwamba akili imeshamtoka.

Mwanawe wa kike alikuwa na hofu hiyohiyo. Alikuja kutoka London, akalala pale, na asubuhi akamsikia baba yake akiniuliza. Akanivuta kwenye korido.

"Anakuuliza hivyo kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi hajaniuliza hata mara moja. Leo nimeamka kabla hujafika, nimekaa naye gizani, kimya." Alinong'ona. "Kama ni akili, hawezi kuendelea kukaa peke yake. Kuna nyumba ya wazee karibu na kwangu. Wewe uko naye kila siku. Ni akili?"

"Sijui," nikasema.

Alihamishwa kabla baridi haijaisha. Asubuhi ya mwisho masanduku yalikuwa yamepangwa mlangoni, nami nikasimama katikati yake. Akauliza. Nikasema bado. Tukangoja. Akauliza tena, nikasema ndiyo, sasa nakuona. Akajitanda shali.

Miaka ilipita. Nikapata kazi ofisini, na mwenzangu mmoja Myahudi, tukipiga soga za mabasi ya asubuhi na giza la Desemba, akanieleza jinsi wazee wao wa zamani, wasiokuwa na saa, walivyojua wakati wa sala ya asubuhi umefika. Ni pale nuru ya angani inapokuwa ya kutosha kumtambua mtu aliye umbali wa dhiraa nne, kama kutoka mlangoni hadi kiti cha dirishani. Na mtu huyo awe wa kujuana naye kidogo tu. Mgeni hafai, na wa nyumbani pia hafai, kwa sababu wa nyumbani utamjua hata gizani.